Mwenye nyumba amekupa notisi, nawe umepata nyumba mapema: kodi ya miezi iliyobaki ni ya nani?

Kila mwisho wa mwezi, mikokoteni ya vyombo inapoanza kupita Tudor, Kisauni na Mikindani hapa Mombasa, kuna malalamiko ambayo hayakosekani. Mpangaji anasema: "Ni yeye aliyeniambia nitoke. Mimi nimepata nyumba kabla ya siku yake. Mbona ananidai kodi ya miezi ambayo sitakuwepo?" Mwenye nyumba naye anajibu: "Nilimpa mpaka mwisho wa Mei. Ameondoka Machi bila hata kuniambia. Hasara ile nani ataibeba?"

Ugomvi huu umezidi siku hizi. Nyumba nyingi za zamani kisiwani zinavunjwa ili zijengwe ghorofa, na huko Nyali na Bamburi wenye nyumba wengi wanageuza nyumba zao kuwa za wageni wa siku chache. Wapangaji wanapewa notisi bila kuwa na kosa lolote, na kwa kuwa nyumba nzuri ya bei nafuu haikungoji, ukiiona leo unailipia leo. Ndipo mtu anajikuta na nyumba mbili mkononi na mshahara mmoja.

Wanaopotea hapa ni wa pande zote mbili. Kuna mpangaji anayelipa kodi ambayo hakupaswa kulipa kwa sababu ametishwa. Kuna mwingine anayeacha dipoziti yake yote ipotee kwa sababu alidhani notisi imemfungua siku ile ile alipoipokea. Kwa hiyo tuanze na notisi yenyewe.

Notisi ni taarifa ya kwamba mapatano ya upangaji yatakwisha siku fulani. Ni siku hiyo yanapokwisha, si siku barua ilipoandikwa wala siku ulipoipokea. Posa ikishakubaliwa na siku ya harusi ikatajwa, mwari bado ni wa kwao mpaka ndoa ifungwe. Kutaja siku siko kufunga ndoa. Notisi ni hivyo hivyo. Katikati ya kuipokea na kufika kwa siku yake, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa: wewe una haki ya kukaa kwa utulivu, maji na stima ziendelee, na mwenye nyumba ana haki ya kupokea kodi yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona kwamba aliyeanza kuvunja mapatano ni mwenye nyumba, hivyo wao hawafungwi tena na lolote. Lakini kutoa notisi ya sawasawa si kuvunja mapatano. Ni kutumia mlango uliokuwamo ndani ya mapatano tangu mwanzo. Basi jibu fupi la swali la mikokoteni ni hili: ukiondoka kabla ya siku ya notisi bila kuelewana na mwenye nyumba na bila kutoa notisi yako mwenyewe, kodi ya mpaka siku ile bado inaweza kudaiwa kwako.

Maneno mawili katika sentensi hiyo ndiyo yenye faida kwa mpangaji: kuelewana, na notisi yako mwenyewe.

Notisi yako mwenyewe

Watu wengi hawajui kwamba notisi ya mwenye nyumba haimnyang'anyi mpangaji haki yake ya kutoa notisi. Nchini Kenya, upangaji mwingi wa nyumba za kuishi ni wa mwezi kwa mwezi: hakuna mkataba wa muda maalumu, unalipa kila mwezi na maisha yanaendelea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema upangaji wa namna hii unaweza kukatishwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, na notisi hiyo imalizikie siku ya kulipa kodi. Kwa anayelipa kila mwezi, ni mwezi mmoja kamili, unaoishia siku ya kodi. Kama mliandikiana muda mwingine wa notisi, fuateni maandishi yenu.

Tuyaweke haya kwenye hesabu. Tuseme umepanga Bamburi kwa shilingi 15,000, na unalipa tarehe 1 ya kila mwezi. Tarehe 1 Machi mwenye nyumba anakupa notisi ya miezi mitatu: utoke ifikapo mwisho wa Mei. Ni muungwana, amekupa muda mrefu kuliko sheria inavyomtaka. Tarehe 20 Machi unapata nyumba Mikindani. Kodi ya Machi umeshalipa.

Ukifunga mlango mwisho wa Machi ukaenda zako kimya kimya, anaweza kukudai Aprili na Mei, yaani shilingi 30,000. Lakini ukimwandikia tarehe ile ile 20 Machi kwamba nawe unatoa notisi, mwezi mmoja unafika tarehe 20 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei. Upangaji wako unakwisha hapo. Unalipa Aprili, na Mei haikuhusu tena. Karatasi moja imekuokolea shilingi 15,000. Muda wa miezi mitatu ulikuwa ni nafasi aliyokupa wewe, haukuwa kifungo cha kukuweka mle ndani mpaka uishe.

Angalia vile vile jinsi tarehe zinavyokamata. Ungengoja mpaka tarehe 3 Aprili ndipo uandike, mwezi ungeangukia tarehe 3 Mei, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Juni. Hapo notisi yako haikusaidii chochote, maana notisi ya mwenye nyumba inaisha mapema zaidi. Siku chache za kusitasita zinagharimu mwezi mzima.

Kuelewana ni bora zaidi, na mara nyingi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fikiria nani mwenye haraka. Anayetaka kuvunja nyumba, kuipaka rangi au kumpisha mwanawe anayeoa, ndiye anayehesabu siku. Ukimwambia, "Mzee, mimi naweza kukupa funguo mwisho wa mwezi huu badala ya Mei, tusidaiane kodi, na dipoziti yangu unirudishie," huenda akakushukuru. Nasikitika kila ninaposikia mtu aliyelipa miezi miwili ya nyumba tupu kwa sababu tu aliona haya kuuliza. Jambo hili lina jina katika sheria: ni kurejesha nyumba kwa maelewano. Mkiisha kuelewana na funguo zikapokelewa, upangaji umekwisha siku hiyo.

Hata bila maneno, matendo yanaweza kusema. Mwenye nyumba akipokea funguo, kesho yake akaingiza mafundi au mpangaji mwingine, ameonyesha kwamba ameipokea nyumba yake. Hawezi kuchukua kodi ya mgeni mpya huku akikudai wewe kodi ya chumba kile kile kwa mwezi ule ule. Ukidaiwa namna hiyo, uliza ni nani anayeishi pale na tangu lini.

Notisi isiyo sawasawa

Mara nyingine muda anaokupa ni mfupi kuliko sheria. Tarehe 12 unaletewa karatasi: utoke mwisho wa mwezi huu. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na makubaliano mengine, hiyo si notisi ya kutosha, na unaweza kukaa na kumjibu hivyo kwa heshima. Je, ukiamua kutoka tarehe ile aliyoitaka, anaweza kukudai mwezi unaofuata kwa kuwa "hukutoa notisi"? Hawezi. Yeye ndiye aliyetaja siku, nawe umeikubali. Ulinzi wa muda wa notisi ni wako, na ukiamua kuuachia ni hiari yako.

Wenye mkataba wa muda maalumu, tuseme wa mwaka mmoja au miwili, wasome kwanza kama ndani yake kuna kifungu cha kukatisha mapema. Kama hakipo, na wewe hujakosa lolote, mwenye nyumba hana uwezo wa kukutoa katikati kwa notisi tu. Barua yake ni ombi. Unaweza kulikataa, au kulikubali kwa masharti yako: nirudishie dipoziti yangu yote, nisaidie gharama ya lori. Kwa mkataba wa namna hiyo, wewe nawe ukijiondokea bila makubaliano, unabaki na deni la muda uliosaini.

Hapa niguse Buxton, maana inatajwa sana katika mazungumzo haya. Mtaa ule wa zamani wa serikali ya kaunti ulipovunjwa kupisha majumba mapya, wapangaji walipewa fedha za kuhamia. Tangu hapo wengi wanaamini kwamba yeyote anayepewa notisi lazima alipwe. Ule ulikuwa mpango wa mradi wa umma. Mpangaji wa mtu binafsi hana haki ya fedha za kuhama kwa sababu tu amepewa notisi halali. Atazipata kama mkataba unasema hivyo au kama mmeelewana.

Lipo pia wazo kwamba ukitoka tarehe 15 unarudishiwa nusu ya kodi. Kodi ya mwezi hulipwa kwa mwezi mzima. Hakuna kukata siku ulizoacha, isipokuwa mmekubaliana.

Dipoziti si kodi ya mwezi wa mwisho

"Atakata kwenye dipoziti." Sentensi hii ndiyo mama wa kesi nyingi. Dipoziti ni amana anayoshika mwenye nyumba kwa ajili ya uharibifu na madeni utakayoacha. Ni fedha zako, ila ziko mkononi mwake mpaka siku ya hesabu. Huwezi kuamua peke yako kwamba ndiyo kodi ya mwezi wa mwisho, hata kama umepewa notisi na una wasiwasi kwamba hatairudisha. Wasiwasi huo naujua na si wa bure. Lakini dawa yake ni kumwomba akubali kwa maandishi kwamba dipoziti ilipe mwezi wa mwisho, na wengi hukubali kwa sababu hata wao wanapumzika kutafuta fedha za kurudisha.

Yeye naye hana ruhusa ya kuila kwa sababu tu umeondoka mapema. Anaweza kukata kodi ambayo kweli unadaiwa na uharibifu ambao kweli umefanya, basi. Hapa Mombasa ugomvi mkubwa huwa wa rangi na vyuma vya madirisha. Sheria ya Ardhi inasema mpangaji halazimiki kutengeneza uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi. Chumvi ya bahari inabambua rangi na kula vyuma hata nyumba ikiwa haina mtu. Ukuta uliofifia kwa miaka minne si uharibifu wako. Kitasa cha mlango ulichovunja ni uharibifu wako. Piga picha kila chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Kama anakataa kurudisha bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria iliyoianzisha inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60.

Ukilazimishwa kutoka

Yote niliyosema yanahusu mtu anayeondoka mapema kwa hiari. Kuna wanaoondoka mapema kwa kusukumwa. Notisi inasema mwisho wa Mei, lakini katikati ya Aprili maji yanakatwa, stima inazimwa, mlango unatiwa kufuli ukiwa kazini, au mabati yanaanza kutolewa juu ya vichwa vya watoto. Haya yanatokea katika mitaa yetu na yanauma, hasa yanapofanyiwa wajane na wenye watoto wachanga ambao hawana wa kuwasemea.

Sheria ya Ardhi ina jibu ambalo ningependa kila mpangaji alijue. Mpangaji aliyetolewa kinyume na mapatano, iwe kwa kutupwa nje moja kwa moja au kwa kufanyiwa vitendo vinavyomfanya ashindwe kuitumia nyumba, anaondolewa papo hapo wajibu wa kulipa kodi. Kwa hiyo aliyekukatia maji ukakimbia hawezi tena kusimama na kudai kodi ya siku zilizobaki za notisi. Weka ushahidi: picha, video, ujumbe wake, majina ya majirani walioona.

Siku ya notisi ikifika na mpangaji hajatoka, bado mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa kwa nguvu. Anatakiwa aende mahakamani au kwenye baraza linalohusika, apate amri. Na akiwa anadai kodi, vyombo vyako havishiki yeye kwa mkono wake. Kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria. Mpangaji naye asijidanganye: kila siku anayokaa baada ya notisi kwisha, wajibu wake wa kulipa unaendelea. Ila mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya upangaji kwisha, sheria inahesabu kwamba upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi umezaliwa, na akitaka utoke itambidi aanze notisi upya.

Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna sheria maalumu, Sura ya 296, na baraza lake la kodi, na mpangaji wa huko hatolewi bila idhini ya baraza hilo. Kiwango hicho ni cha zamani na nyumba nyingi za leo zimekipita. Kesi za nyumba zilizopita kiwango hicho huenda kwenye mahakama za kawaida au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Mombasa.

Mwenye duka asikimbilie kufunga

Kwa maduka, hoteli na migahawa mambo yanageuka, na hapa naomba wafanyabiashara wa Kongowea, Marikiti na Biashara Street wasome polepole. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao lakini muda wake hauzidi miaka mitano, upangaji wako unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na migahawa. Mwenye jengo anayetaka utoke lazima atumie fomu iliyowekwa na sheria, aeleze sababu miongoni mwa zile zinazokubaliwa, na akupe muda usiopungua miezi miwili tangu ulipoipokea. Notisi hiyo lazima ikutake useme kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kama unakubali au unakataa. Ukikataa, unapeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika.

Hatari ya mwenye duka kuondoka mapema si kodi ya mwezi mmoja. Ni kupoteza ulinzi wenyewe. Nasema hivi kwa sababu barua nyingi wanazopewa wafanyabiashara ni karatasi tu iliyochapwa mjini, haina fomu, haina sababu, na wengine hupata ujumbe wa WhatsApp. Mtu aliyekaa miaka kumi akijenga wateja anafunga duka kwa woga wiki ya pili. Akishatoa bidhaa na kukabidhi funguo, ni vigumu sana kurudi barazani kusema notisi haikuwa halali. Na asiyejibu kabisa naye anajiumiza, kwa sababu notisi halali ambayo haikupelekwa barazani inafanya kazi siku yake ikifika. Jibu kwanza kwa maandishi, halafu ndipo uamue kama unataka kubaki au kuuza utoke.

Upo pia utata wa kwetu pwani, wa nyumba bila ardhi. Huko Majengo, Kisauni na Likoni, mwenye nyumba unayemlipa anaweza kuwa anamiliki kuta na paa tu, na ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Siku moja notisi inakuja kutoka kwa mwenye ardhi. Usiondoke wala usibadilishe unayemlipa kwa sababu ya barua hiyo peke yake. Mapatano yako ni na mwenye nyumba. Mpelekee ile barua, mwambie akujibu kwa maandishi anasimamaje na mwenye ardhi, na endelea kumlipa kwa njia yenye kumbukumbu mpaka mambo yajulikane.

Kuandikiana

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ni dogo. Mkikubaliana utoke mapema, ujumbe kama huu kwenye simu unatosha kuanzia: "Tumekubaliana leo tarehe 20 Machi kwamba nitatoka tarehe 31 Machi badala ya 31 Mei. Sitadaiwa kodi ya Aprili wala Mei. Dipoziti shilingi 15,000 itarudishwa siku ya kukabidhi funguo baada ya kukagua nyumba. Tafadhali nijibu kama ni sawa." Akijibu "sawa", hifadhi. Karatasi yenye sahihi mbili ni bora zaidi.

Bili za maji na stima zilipwe mpaka siku ya kutoka, na usomaji wa mita upigwe picha. Kisha funguo. Wengi wanamwachia keateka au jirani, mwenye nyumba anasema hakuziona mpaka mwezi uliofuata, na kodi inahesabiwa upya. Mpe mwenyewe mkononi, au mtu aliyemtaja kwa ujumbe, na aandike kwamba amezipokea na tarehe gani. Kabla ya hapo, hata kama vyumba ni vitupu na vyombo viko Mikindani, nyumba bado iko mikononi mwako.